Mimi ni Myahudi wa Mbale, na nimechoka kusoma humu kwamba "Hitler angeachwa amalize kazi"

Binti Nabugoye (mleta mada)

Wakuu habari za muda huu, na wakubwa wote shikamooni. Humu ndani mi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika siandikagi, ila leo nimeshindwa kupita. Kila baada ya siku kadhaa lazima uibuke uzi wa Wayahudi, mara wao ndio wenye benki zote za dunia, mara Freemason ni wao, mara korona walitengeneza wao, watu wanajazana kugonga laiki, alafu kule chini hakosi mmoja wa kuandika kwamba Hitler angeachwa amalize kazi. Mnaandika kama vile mnaongelea watu wa kwenye vitabu tu. Mi nikisoma namuona mama yangu, maana hiyo kazi mnayotaka imalizwe ni yeye, na ni mimi, na ni wanangu waliolala chumba cha pili hapo.

Kwetu ni Nabugoye, kilima kiko nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki ya Uganda, na jamii yetu inaitwa Abayudaya. Kiswahili nimekipatia Nairobi nilikosoma, sasa hivi niko Arusha kikazi. Ni Myahudi wa dini kamili, Shabati, ile siku yetu ya kupumzika, naishika kuanzia Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jioni, Pasaka naila na mikate isiyotiwa chachu, nguruwe siweki mdomoni, wanangu wa kiume walitahiriwa siku ya nane. Sijaja kumvuta mtu kwenye dini, kwetu hatuna utaratibu wa kwenda kuhubiri watu wahamie, na sijaja kuomba kuhurumiwa.

Anayetaka kujua tulipoanzia, tulianza na Semei Kakungulu. Huyu alikuwa mkuu wa vita Mganda, ndiye aliyewatekea Waingereza sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda akitegemea watamfanya mfalme wa huko, wakamgeuka, wakambakizia eneo dogo la Mbale. Biblia waliyoileta wamisionari yeye akaisoma mwenyewe, na akaisoma kwa makini kuliko walivyotaka. Alipofika vitabu vya Musa akauliza haya mbona yameandikwa na hayafuatwi, mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na alipoambiwa kwamba mambo hayo ni ya Wayahudi akajibu basi na sisi ni Wayahudi. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha sala na mafundisho kwa Kiganda kwa ajili ya watu wake. Hakuna aliyemlipa. Israel ya kumpa viza haikuwepo, nchi yenyewe imetangazwa 1948 na yeye alifariki 1928. Alipenda Torati akakaa humo, na sisi wote tumetokea kwenye kupenda huko, chuki imetukuta tukiwa tayari tuko nyumbani.

Na chuki ilikuja kweli. Shule za wamisionari mtoto wetu alitakiwa abatizwe ndio asome, kwaiyo wazee wengi walikosa shule au waliingia na Uyahudi wakatoka bila. Njiani wanaitwa wauaji wa Yesu. Januari 1971 akashika nchi Idi Amin, mwanzoni alikuwa rafiki wa Israel, 1972 akavunja uhusiano, na Septemba mwaka huohuo akamtumia telegramu Kurt Waldheim, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Mwezi mmoja kabla, Agosti, alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia. Mtu yuleyule, mwaka uleule, na lugha ileile, hawa wananyonya, hawa sio wenzetu. Watu wanapenda kusoma hayo mambo mawili mbalimbali lakini kwa mtu aliyekuwa anaishi Mbale yalikuwa ni kitu kimoja.

Kwetu akapiga marufuku dini yenyewe. Masinagogi yakafungwa. Tulikuwa kama watu 3,000, wengi wakasilimu au wakabatizwa (na siwalaumu, mtu ana watoto), wakabaki kama 300. Hao 300 ndio walionifundisha jinsi ya kuishi na chuki. Hawakuwa na gazeti, hawakuwa na balozi wa kumpigia simu. Waliomba usiku milango imefungwa, wengine walijificha porini na mapangoni, mama yangu anasema Shema, ile sala yetu kuu ya kwamba Mungu ni mmoja, alifundishwa kwa kunong'onezwa sikioni kabla ya kulala na akakatazwa kuitamka mbele ya mtoto mwingine yeyote. Hata Shabati isiyo na wimbo waliihesabu ni Shabati. Amin alipoondoka ndio vijana wa miaka ya 80 wakarudi kilimani, wakaanza kuishi pamoja na kufundishana upya, mmoja wao Gershom Sizomu akaenda kusomea Los Angeles, 2008 akawa rabi, akarudi nyumbani, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho North ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu wakampigia kura awe mbunge wao. Nyimbo zetu, zile zaburi za Kiganda, zilirekodiwa na Smithsonian Folkways, lebo ya muziki ya Marekani, mwaka 2003 zikafika mpaka kuwania Grammy. Ni zilezile zilizokuwa zinanong'onwa.

Sasa kwanini nasimulia yote haya. Ni kwa sababu nawaona vijana wetu wengi wa mitandaoni, Uyahudi wao wote umekuwa ni kujibu watu. Asubuhi anaamka anatafuta nani katutukana, mchana anabishana, usiku analala na hasira, Ijumaa inapita hata mshumaa hajawasha. Huyo chuki imeshakuwa rabi wake, ndiyo inayompangia siku yake. Mi nimejiwekea kwamba kwanza naishi alafu ndio najibu. Nikijibu namlenga yule msomaji wa kimya wa pembeni ambaye bado hajaamua, maana huyu wa matusi anataka mchezo tu. Na sijibu ili nipendwe. Watu wakitaka kututetea wanatoa orodha ya Wayahudi waliopata Nobel, wanasayansi, madaktari, wana nia njema lakini mama yangu hana Nobel, analima kahawa na maharage, na yeye pia hatakiwi kuuawa.

Karibuni. Maswali magumu nitajibu, matusi nitapita.

---

Ngwena wa Kilombero

Mleta mada umeandika vizuri na pole kwa yaliyowapata wazee wenu. Ila tuwe wakweli dada, pafukapo moshi pana moto. Kwanini kila nchi waliyokaa waliishia kufukuzwa? Uingereza, Ufaransa, Hispania, wote hao wakosee? Na akina Rothschild je? Na kuna kile kitabu cha mipango yao ya kutawala dunia, Itifaki za Wazee wa Sayuni, nilitumiwa wasapu nikakisoma chote, mambo mengi yaliyomo yanatokea kweli. Nauliza tu sio chuki.

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Ngwena asante kwa kuuliza kistaarabu, ngoja nikujibu kwa urefu maana najua wengi wanalo hilohilo moyoni.

Hicho kitabu kilitokea Urusi mwaka 1903 kwenye gazeti moja la St. Petersburg. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likakiweka sambamba na kitabu cha Mfaransa mmoja, Maurice Joly, cha mwaka 1864, kilichoandikwa kumsema mtawala wa Ufaransa Napoleon III na ambacho njama ya Wayahudi haimo kabisa, ikaonekana aya kwa aya zimenakiliwa. Yaani ile "mipango" uliyoisoma ni maneno aliyoyaandika mtu kumponda mtawala wa Paris, mwingine akaja akabadilisha wahusika. Hilo limejulikana miaka zaidi ya 100 na bado linasambazwa. Unaposema mambo yanatokea kweli, yaliyomo ni wakubwa kudanganya wananchi, vita, magazeti kununuliwa, mikopo ya kuumiza, hayo yanatokea kila nchi na kila zama, ungeweza kuweka jina la kabila lolote na bado ungeona "yanatimia".

Kuhusu kufukuzwa. Ulaya ya zamani Kanisa lilikataza Mkristo kukopesha kwa riba, Myahudi naye sehemu nyingi akazuiwa kumiliki ardhi na kuingia vyama vya mafundi, sasa akabakiziwa kazi gani? Mfalme anamtumia kukopesha, anamkamua kodi mpaka basi, akishamaliza kumkamua au deni likiwa kubwa anamfukuza na anachukua kilichobaki. Uingereza 1290 nyumba zao na madeni waliyokuwa wanadai vilikwenda kwa mfalme. Ufaransa 1306 hivyohivyo. Hispania 1492 kosa lao lilikuwa kukataa kubatizwa. Na ule ugonjwa wa tauni wa 1348 na 1349 wakasingiziwa kutia sumu visimani, wakachomwa moto miji kibao, na wao wenyewe walikuwa wanakufa na tauni hiyohiyo.

Habari za Shinyanga umezisikia. Bibi kizee macho mekundu kwa sababu ya moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, mvua ikikataa au mtoto akifa, mchawi ni yeye. Kijiji cha pili nako wameua bibi mwingine, cha tatu vilevile. Je ule wingi wa vijiji unathibitisha kwamba mabibi ni wachawi? Mi naona unathibitisha kwamba watu wenye hofu wanamtafuta asiye na wa kumtetea.

Rothschild ni familia iliyotoka mtaa wa Wayahudi wa Frankfurt, mtaa uliokuwa unafungwa geti usiku watu wasitoke, walitajirika sana kwa benki karne ya 19 ni kweli. Leo benki kubwa kuliko zote duniani kwa mali ni ICBC na ni ya China. Wayahudi wote duniani ukiwajumlisha ni milioni 15 na kitu, kama robo ya Watanzania, na mpaka leo hawajafikia idadi waliyokuwa nayo 1939 kabla ya vita.

---

Mama Agano

Shalom mpendwa! Mimi nakuunga mkono mia kwa mia. Sisi kanisani kwetu tunaiombea Israel kila Jumanne, bendera tunayo, maana imeandikwa Mwanzo 12:3 nitawabariki wakubarikio. Nyinyi ni taifa teule na hao wanaowachukia watalaaniwa wote. Karibu uje utupe ushuhuda, na siku zikitimia mtamjua Masihi.

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Mama Agano, nashukuru kwa moyo wako na maombi nayapokea, nisingependa uone nakukatalia heshima. Ila nikueleze kitu kinachonisumbua, na naongea kwa upendo. Kuna watu wananichukia bila kunijua na kuna watu wananipenda bila kunijua, na wote wawili wakiniangalia hawanioni mimi, wanaona alama ya mambo yao. Wewe unanisubiri nigeuke. Nisipogeuka je?

Martin Luther mwaka 1523 aliandika kuwatetea Wayahudi, akawakemea Wakristo wenzake kwa kuwatesa, alikuwa na matumaini sasa wataingia dini yake. Hawakuingia. Mwaka 1543 huyohuyo akaandika masinagogi yachomwe, nyumba zao zibomolewe, vitabu vyao vichukuliwe, na karne ya 20 Manazi wakayatoa maandishi yake kabatini wakayatumia. Miaka 20 tu kati ya upendo na kuchoma. Kwaiyo mama, nipende kama jirani yako unayemkopa chumvi. Kanisani kutoa ushuhuda sitakuja, ila chai nyumbani kwangu karibu sana, siku yoyote isipokuwa Jumamosi kuwasha jiko siwezi.

---

Sauti ya Pwani

Mnaongea historia za 1290 wakati Gaza watoto wamefukiwa kwenye vifusi. Unaona raha gani kujitangaza una fahari na Uyahudi muda huu? Ungekaa kimya kidogo basi kwa heshima ya waliokufa. Samahani kama nimekukwaza ila nina uchungu sana.

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Hujanikwaza, uchungu wako naujua. Waliokufa Gaza ni maelfu kwa maelfu na watoto ni wengi mno, na kuikosoa serikali ya Israel ni haki yako kabisa, wapo Wayahudi wanaoandamana kuipinga serikali hiyo, Tel Aviv kwenyewe na hata New York. Nawalilia pia waliouawa Israel Oktoba 7, 2023, Hamas waliposhambulia, wakiwemo vijana wetu wawili Watanzania waliokwenda kule kujifunza kilimo wakarudishwa maiti. Simwambii mtu yeyote achague maiti za kulilia.

Kuna mahali nakataa hata hivyo na nitasema wazi. Ukimtaja waziri mkuu, ukataja jeshi, ukataja sheria au bomu lililoangushwa mahali fulani, hiyo ni siasa, tutakubaliana au tutabishana. Ukisema Wayahudi ndivyo walivyo, ni damu yao, popote walipo ni hao hao, hapo umeshatoka Gaza umeingia kwenye telegramu ya Amin. Mzee anayelima kahawa Mbale akimwagiwa matusi akitoka kuomba Jumamosi, hakuna mtoto hata mmoja wa Gaza anayepona kwa hilo. Na hilo la kukaa kimya, ndugu yangu, kuna miaka minane wazee wangu walikaa kimya kwa amri. Mimi kuomba kwangu na kufurahi Shabati na wanangu sio kushangilia kifo cha mtu, ni dini yangu, kama wewe ulivyofunga Ramadhani ileile na uchungu huohuo moyoni.

---

Mkata Mkonge

Assalam aleykum wanajamvi. Mimi ni Muislamu wa Tanga, msimamo wangu wa Palestina hauyumbi na mleta mada hajaniomba niuache. Nataka kuwakumbusha ndugu zangu hadithi iko ndani ya Bukhari, jeneza lilipita Mtume (s.a.w.) akasimama, akaambiwa hilo ni jeneza la Myahudi, akauliza kwani si nafsi? Sasa mtu anayeandika Hitler angemaliza kazi akasema anatetea Uislamu, ameupata wapi? Kesho akimaliza hao anahamia kwa nani? Hitler mwenyewe sisi weusi alituweka fungu gani? Dada samahani kwa niaba ya wanaoandika hivyo, sisi wengine hatukutumwa nao.

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Waaleykum salaam kaka yangu, umenipa nguvu. Huku kwetu tumeishi na Waislamu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2004 mzee wetu J.J. Keki, ambaye Septemba 11, 2001 alikuwa New York akayaona yale kwa macho yake, alirudi akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba Waislamu, Wakristo na Wayahudi waunde ushirika mmoja wa kahawa, ukaitwa Mirembe Kawomera, na uongozi wakagawana dini zote tatu. Mtu alikuwa ana kila sababu ya kurudi na hofu na chuki, akarudi na wazo la kuuza kahawa kwa bei nzuri pamoja na jirani. Mama yangu anajua bei ya kilo kwa sababu ya mikutano ile, na aliyekuwa anakaa naye benchi moja ni Hajati.

---

Mtoto wa Bukavu

Mimi ni Mkongomani, nilipita Nairobi ukimbizini kabla ya kuja Marekani. Waliotusaidia Nairobi, mama yangu alipokuwa mgonjwa na sisi hatuna karatasi, walikuwa HIAS, shirika la Wayahudi. Hawakutuuliza dini. Oktoba 27, 2018 yule mtu aliyeingia sinagogi la Pittsburgh akaua watu 11, kabla ya kwenda aliandika kwenye mtandao kwamba anaichukia HIAS kwa sababu inaleta wakimbizi. Wakimbizi ni sisi. Yaani wale wazee waliuawa wakisali asubuhi ya Jumamosi na sababu mojawapo ni kwamba watu wao walimsaidia mtu kama mama yangu. Nilipoelewa hilo nilikaa chini. Tangu siku hiyo mtu akinitumia hizo video za Wayahudi wabaya namjibu hapohapo, simwachi.

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Mtoto wa Bukavu, umesema jambo ambalo hata Wayahudi wengi hawalijui. Mungu amlinde mama yako. Jengo lile lilikuwa na jumuiya tatu za sala, na mojawapo, Dor Hadash, ilikuwa imeshiriki Shabati maalumu ya kuwakumbuka wakimbizi siku chache tu kabla. Wiki iliyofuata watu Marekani nzima waliitwa waende masinagogi Jumamosi kwa makusudi, hata wasio na kawaida ya kwenda, hata wasio Wayahudi, na yakajaa. Gazeti la mji, Pittsburgh Post-Gazette, likaandika maneno ya mwanzo ya Kadishi, sala ya wafiwa, kwa herufi za Kiebrania kwenye ukurasa wa mbele. Waislamu wakachangisha zaidi ya dola 200,000 za mazishi na matibabu. Hapo ndipo naona jibu linavyokuwa. Muuaji alitaka wasikanyage tena pale, wao wakajaza viti.

---

Kagera 79

Dada mimi baba yangu alikuwa JWTZ, alipigana vita ya kumtoa Amin, alitembea kutoka Mutukula mpaka Kampala, Aprili 11, 1979 walikuwa wameshaingia mji. Marehemu sasa. Alikuwa anatusimulia njaa, mvua, wenzake waliobaki njiani, na watu wa Uganda wakiwapa ndizi barabarani. Habari za Wayahudi hakuwahi kuzitaja, nadhani hakujua kabisa kama wapo. Nimesoma uzi wako nikajiuliza kumbe na nyie mlikuwa mnawasubiri. Na swali langu, sisi tusio Wayahudi tufanye nini tukiona haya mambo?

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Kagera 79, nimesoma nikaita watu wa nyumbani waje wasome. Jioni ile ya Aprili 11, 1979, siku Kampala ilipoanguka, ndiyo ilikuwa jioni ya kuingia Pasaka yetu, usiku ambao Myahudi popote alipo anakaa mezani na wanawe anawasimulia jinsi Mungu alivyotutoa utumwani mikononi mwa Farao. Wazee walikuwa wanausimulia kwa kunong'ona kama miaka yote ya Amin, na habari zikaanza kufika kwamba Amin kakimbia. Mpaka leo kwetu Pasaka ikifika hilo linatajwa mezani, Watanzania wanatajwa. Baba yako hakujua na wazee wetu hawakumjua jina. Naomba uniandikie jina lake la kwanza tu inboksi, mwaka huu nataka nilitaje.

Kuhusu swali lako, kuna mji Marekani unaitwa Billings, jimbo la Montana, Desemba 1993 mtu alirusha jiwe kwenye dirisha la mtoto wa familia ya Kiyahudi kwa sababu walikuwa wameweka menora, ile taa ya Hanuka. Gazeti la mji likachapisha picha ya menora ukurasa mzima, na maelfu ya Wakristo wakaibandika kwenye madirisha yao, mrusha mawe akashindwa kujua Myahudi ni yupi. Humu ndani haihitaji hata hivyo vyote. Ukiona mtu ameandika lile neno la Hitler, usipite. Mjibu mstari mmoja tu, sikubaliani, hawa ni watu. Kinachotuumiza zaidi ni zile laiki mia na hakuna aliyesema kitu.

---

Mama Eli wa Berlin

Dada hujambo, nimejisajili humu kwa sababu ya uzi wako. Mimi ni Mkenya, nimeolewa na Myahudi hapa Ujerumani na mimi mwenyewe niliingia dini miaka iliyopita. Kijana wetu ana miaka 12, anavaa mkufu wa nyota ya Daudi aliopewa na bibi yake. Shuleni wameanza kumuita majina, moja la Uyahudi na moja la rangi, wakati mwingine yote mawili pamoja. Mwalimu wake ametushauri auvae ndani ya shati ili yaishe. Mume wangu amekasirika anasema hata siku moja, babu zake walilazimishwa na Manazi kuvaa nyota, hawezi kumwambia mwanae aifiche. Mimi mama naogopa barabarani jioni. Mtoto yuko katikati anatuangalia. Nifanye nini?

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Mama Eli pole sana, na karibu nyumbani. Mume wako yuko sahihi na wewe uko sahihi, na hilo limo kwenye sheria yetu yenyewe. Taa ya Hanuka, Talmudi (kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale) inasema iwekwe mlangoni kwa nje, au dirishani panapotazama barabara, ili wapita njia waone, maana kusudi lake ni kuonekana. Alafu palepale inaongeza kwamba wakati wa hatari iweke mezani, na inatosha. Waliotufundisha kuonyesha ndio hao hao waliotufundisha kuweka mezani, na hawakusema wa mezani ni mwoga. Wazee wangu miaka ya Amin walikuwa mezani muda wote. Kosa lingekuwa kuizima.

Kwaiyo akiwa peke yake kwenye treni jioni akauweka ndani ya shati, amwone baba yake anakubali bila kununa. Ila shuleni ni jambo lingine, shule sio barabara, pale kuna watu wazima wanaolipwa kumlinda, na kumwambia yeye ajifiche ni kumhamishia yeye kazi yao. Hapo usikubali. Andika barua, usiandike "kuna changamoto", andika maneno yenyewe yaliyosemwa, tarehe, nani alikuwepo, na lile la rangi liandike pamoja wasije wakachagua moja. Omba jibu la maandishi. Mji huohuo wa kwenu, Aprili 2018 kijana aliyevaa kipa, ile kofia ndogo ya Kiyahudi, alipigwa mkanda barabarani, na kijana mwenyewe hakuwa Myahudi, alikuwa Mwarabu wa Israel aliyetaka kuona kama ni kweli ni hatari, na siku chache baadaye watu kama 2,000 walisimama barabarani wamevaa kipa, wengi wao sio Wayahudi. Kwaiyo wapo watu huko, usijione mko peke yenu, tafuta wazazi wawili watatu wa darasa lake, hata wa Kituruki, hata wa Kikristo, muende ofisini pamoja.

Na jambo kubwa kuliko barua. Muhakikishie kwamba wiki nzima hasikii neno Myahudi kwenye hili tatizo tu. Ijumaa pika anachopenda, muimbe, baba yake amfundishe kusoma Torati kwa ajili ya ile siku yake ya miaka 13 inayokuja, anapohesabiwa mtu mzima katika dini, mwambie kuna watoto weusi kama yeye Mbale wanaosoma fungu hilohilo wiki hiyohiyo. Alilie majina aliyoitwa, umsikilize, alafu mle.

---

Mama Eli wa Berlin

Nimemsomea kwa sauti, nimemtafsiria pale aliposhindwa. Ameuliza vitu viwili, kama ni kweli kuna watoto kama yeye, na kama huko Nabugoye wanapokea wageni.

---

Binti Nabugoye (mleta mada)

Wapo, wengi, na wanacheza mpira vibaya sana wanahitaji golikipa. Wageni wanapokelewa, nyumba ya wageni ipo kilimani palepale karibu na sinagogi. Mkitua Entebbe panda gari la Mbale, mnapita Jinja na Iganga, ni safari ya siku, mfike Ijumaa mapema kabla jua halijazama. Nakutumia namba ya mama inboksi, ila usimpigie Jumamosi.